Swali Lisilongoja Jibu

Buyenzi, Jumamosi jioni, mwezi wa nane

Vumbi limekaa hewani tangu asubuhi. Milima ya Kongo haionekani kabisa na ziwa lenyewe limefifia, huwezi kujua maji yanaishia wapi. Kiangazi hiki kimetukausha midomo na akili, na kesho ni kura.

Nimekaa uani kwenye mkeka ule ule wa jana. Chanuo liko mapajani. Sijapika na sina hamu ya kupika. Baba Zena amelala ndani ameelekea ukuta, viatu miguuni, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kuingia chumbani na viatu.

Mama Furaha ameondoka.

Nilidhani nikiliandika litanipunguzia uzito. Wapi.

Sijui daftari hili atakuja kulisoma nani. Labda Zena, binti yetu, ambaye kwa sasa yuko Rumonge kwa bibi yake na sikitiko hili halijamfikia. Basi acha nilipange tangu mwanzo, nisije nikasahau jinsi lilivyofanyika, maana nimeanza kuwasikia watu wakisema halikufanyika.

Mama Furaha ni mjane wa upande wa Fizi, ng'ambo kule Kongo. Alivuka mwaka jana vita vilipowaka kule, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, sufuria isiyo na mfuniko. Wakati ule mume wangu Rajabu, ndiye Baba Zena, alikuwa amechukuliwa kuwa mkalimani pale Gatumba mpakani, kwa sababu Kirundi anacho, Kifaransa anacho, na Kiswahili cha ng'ambo anakijua mpaka matusi yake. Kazi ilikuwa kuwauliza waliovuka majina yao na kuyaandika, wapate blanketi na unga. Jina la Mama Furaha aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Jioni ikamkuta bado amekaa chini pale pale, hana pa kwenda, akamleta nyumbani kwa baiskeli na mtoto ameketishwa mbele kwenye chuma.

Alinikuta nachambua ndagala, vidagaa vya ziwani. "Mama Zena, kuna mugeni," akasema, akaenda kuoga. Ndivyo alivyo huyu bwana, maelezo kwake ni kazi ya ofisini. Sikufurahi siku ile, niseme kweli. Chumba cha nyuma nilikuwa nimekwisha kumwahidi mpangaji. Lakini asubuhi yake nilipoamka nilikuta uwanja umefagiwa, na yule mwanamke amekaa mlangoni amejikunja kana kwamba anaogopa kuchukua nafasi. Nikashindwa hata kununa.

Akawa mtu wa nyumbani. Aliniita yaya, kwao maana yake ni dada mkubwa. Furaha akaanza kutembea hapa hapa uani, hatua zake za kwanza alikwenda kwa Rajabu, na Rajabu akajisifu juma zima.

Huyo ndiye aliyeondoka.

Rajabu alipotuambia atagombea ukonseye, kukaa kwenye baraza la mji kuusemea mtaa wetu, nilimcheka. Nilimwambia, wewe ukikanyagwa mguu sokoni unaomba radhi wewe, utagombana na nani huko? Akasema mtaa mzima tunapanga foleni kwenye bomba moja, na hilo moja linakohoa siku nzima kabla ya kutema maji, na hakuna anayelisemea. Hakuwa na jingine. Bomba. Tukafunga kitambaa cha njano mlangoni, rangi aliyopewa kwenye karatasi za kura, na watu wakaanza kuja kunywa chai yangu. Tangu tupate uhuru sijaona watu wa Buyenzi wakikubaliana juu ya mtu kama walivyokubaliana juu yake. Hata wale wanaogombania mipaka ya ua walikaa benchi moja.

Mpinzani wake ni mfanyabiashara mwenye malori. Jina lake silitaki humu. Sina ushahidi kwamba ndiye aliyewatuma wale watu nitakaowaeleza. Ninachojua ni kwamba walikuja na gari, na upande wetu tuna baiskeli.

Jumanne niliitwa kwa Bibi Mwamvua, mke wa yule Mwarabu muuza vitambaa. Mjukuu wake anaolewa, nikaenda kumsuka. Tulikuwa barazani, msichana ameketi chini katikati ya magoti yangu, Bibi pembeni na tasbihi yake, ndipo akaingia bwana mmoja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, penseli sikioni, ubao wenye karatasi mkononi. Si wa mtaa huu. Akasalimu vizuri, akavua viatu bila kuambiwa. Akasema wanafanya uchunguzi, wanataka kujua watu wana maoni gani kabla ya kura, na jina la mtu haliandikwi.

"Bibi, maji munapata?" akauliza.

Bibi Mwamvua, masikini, akafurahi kuulizwa. Akaanza tangu enzi za Wabelgiji, bomba lilikuwa wapi, nani alilihamisha. Bwana alikuwa akitazama dari.

"Na konseye, munataka aanze na kitu gani?"

Bibi akasema tena maji, na taa, na ile mifereji. Penseli bado iko sikioni. Kisha bwana akasogea, akashusha sauti, sauti ya mtu anayekupa siri kwa sababu anakupenda.

"Sasa, kama mungejua ya kama ule mukalimani wa Gatumba anashikaka majina ya wakimbizi wote, na kisha kura atayapeleka ng'ambo benyewe barudishwe, bado mungemupa kura?"

Mikono yangu ikasimama. Msichana akaguna, nilikuwa nimemvuta.

"Na ni kweli?" Bibi Mwamvua akauliza.

"Apana, Bibi, mi sisemi ni kweli. Mi nauliza tu."

Akasimama. Akavaa viatu, akashukuru, akatoka. Bibi alikuwa amefungua mdomo ajibu na mdomo ukabaki wazi. Penseli haikuigusa karatasi hata mara moja, si kwa maji, si kwa taa, si kwa swali hilo la mwisho.

Hakujua mimi ni nani. Bibi Mwamvua anajua. Alinitazama, akatazama tasbihi. "Binti yangu," akasema polepole, "mutu hawezi kuuliza kitu haiko."

Nikarudi kwenye nywele za msichana.

Kazi yangu mimi ni vichwa. Mwanamke akikaa katikati ya magoti yangu haoni uso wangu wala mimi sioni wake, na hapo maneno hutoka yenyewe. Nimesikia ndoa zikivunjika kabla wenye ndoa hawajajua. Kwa hiyo habari za mtaani nazijua tabia zake. Haifiki kichwa cha tatu ikiwa vile vile. Asubuhi amekufa mbuzi, mchana ni ng'ombe, jioni ni mwenye ng'ombe. Kila mmoja lazima atie chumvi yake, la sivyo anaona hajasimulia.

Hii haikubadilika.

Jumatano walikuja kusukwa wanawake wasiojuana, mmoja wa karibu na msikiti, mwingine wa upande wa mto Ntahangwa, mwingine katoka Cibitoke kabisa. Wote na "anashikaka majina." Wote na "kisha kura." Wote na "benyewe barudishwe," yaani wenye majina warudishwe kwao baada ya kura, kwa mpangilio ule ule, hata pale pa kushusha sauti walishusha mahali pamoja. Hapo nikajua maneno haya hayakuzaliwa mtaani. Yamepikwa mahali na kugawiwa yakiwa yameiva, na bwana wa shati jeupe si mwulizaji. Anayetaka kujua husikiliza. Huyu alikuwa anapanda mbegu akihama ua hadi ua, na maji na taa vilikuwa vya kulainishia udongo.

Mahali pengine labda wangemfukuza. Wangemwambia, bwana, kama una neno sema, usituzungushe. Sisi hatuwezi. Buyenzi hii imejaa watu waliovuka mto, kama si wao ni baba zao, na mtu aliyevuka mto anamjua mwulizaji mwenye karatasi. Baba yangu aliulizwa na Mbelgiji kama ana kibali cha kulala mjini, wakati mlango wa lori umekwisha kufunguliwa. Mama Furaha aliulizwa mume wake yuko wapi, na waliomuuliza walikuwa wametoka kumuua. Kwetu anayeuliza amekwisha kujua. Na anayekuuliza utafanyaje jambo fulani likitokea, huyo jambo amekwisha kuliamua, anakupa tu siku za kufunga mizigo. Bwana yule aliposema anauliza tu, watu hawakusikia swali. Walisikia tangazo.

Aliyelipanga anatujua vizuri. Hilo ndilo linalonitia baridi.

Tena nusu yake ni kweli. Rajabu aliandika majina. Kila aliyepata blanketi Gatumba anaukumbuka uso wake umeinama juu ya meza.

Jumatano jioni nilimweleza wakati wa kula. Kwanza alicheka, akasema nani ataamini upuuzi huo, watu hawa si ndio niliowapa blanketi? Kisha akaacha kutafuna. Akasema kesho atachukua kile kipaza sauti cha timu ya mpira, asimame sokoni akanushe.

Nilimwambia usifanye hivyo. Nilimwambia ukikanusha utawapelekea swali wale ambao bado halijawafikia. Nenda nyumba kwa nyumba, kaa, kunywa chai, zungumza habari za bomba, na wale uliowaandikia wataje wenyewe walichopata. Akasema hakuna wakati, siku zimekwisha. Akasema mtu asiyejitetea huonekana ana hatia. Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mama Furaha alikuwa pale kwenye jiko akimlisha mtoto, hakuinua macho, na mimi mjinga nikadhani ni adabu.

Alhamisi alisimama sokoni. Alivaa kanzu ya Idi.

"Mi siwezi kurudisha mukimbizi hata mumoja ng'ambo," akasema katika kile kipaza sauti, na kikamgeuza sauti, kikamfanya mtu mwingine mkali. "Yale majina si kwa kurudisha watu."

Nilikuwa nimesimama karibu na wauza ndagala. Nililiona neno likitembea. Mwanamke mmoja aliyebeba ungo akamwuliza mwenzake, kumbe kuna mambo ya kurudishwa? Mwenzake akasema, we husikii, anasema mwenyewe. Kabla Rajabu hajamaliza kuongea wengine walikuwa wanakusanya vitu vyao. Waliokuja sokoni na habari ya mboga waliondoka na habari ya Gatumba, na aliyewapa ni mume wangu, kwa kipaza sauti.

Kurudi nyumbani tulikuta kitambaa cha njano kimepakwa tope. Rajabu alikifungua mlangoni, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mto. Chai haikuja kunywewa na mtu.

Jana asubuhi likapita gari lenye spika, polepole, mtaa kwa mtaa. Tumewauliza watu wa Buyenzi, likasema. Tumewauliza wazee na vijana, wanaume na wanawake. Karibu wote wamesema mukalimani hawamutaki. Likarudia kila kona.

Walimwuliza nani? Penseli ilikuwa sikioni. Lakini nilimwona jirani yangu, mtu aliyekunywa chai hapa kila jioni, amesimama mlangoni kwake akilisikiliza gari lile, na usoni nikaona anajiuliza kama amebaki peke yake. Alipogundua namtazama akaingia ndani. Nadhani katika kila nyumba alikuwepo mmoja kama yeye, na kila mmoja akadhani wengine wote wamekwisha kuhama. Laiti wangeulizana. Lakini sasa hakuna anayetaka kuulizwa tena.

Jana hiyo hiyo, baada ya sala ya Ijumaa, Mama Furaha alikuja kukaa mkekani. Alitaka kichwa kiwe tayari kwa kanisa Jumapili. Alichagua twende kilioni, mistari mitupu inayokwenda nyuma, msuko usio na mapambo, anaochagua kila mara tangu aje. Furaha alikuwa amelala kwenye kanga pembeni. Nikaanza upande wa kulia.

Nilikuwa nafika katikati ya kichwa aliposema, "Yaya, ile karatasi ya Gatumba, Baba Zena bado anayo?"

Nikasema apana, aliwakabidhi wale wa blanketi zamani.

"Mi niko mu ile karatasi."

Nikasema ndiyo, uko, na ndiyo sababu ulipata unga.

"Ye njo aliandika jina yangu," akasema. "Na ya mutoto."

Basi nikamweleza. Nilimweleza kila kitu nilichoandika hapa, habari za penseli, habari za vichwa vilivyosema neno moja, habari za gari. Nilieleza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, nilieleza vizuri kabisa kama mwalimu mbele ya ubao, na muda wote shingo yake ilikuwa inakaza chini ya vidole vyangu na mimi naendelea kueleza. Yeye hakuwa ameuliza habari za penseli. Alikuwa ameuliza kama atauawa.

"Nimesikia, yaya," akasema. Kisha akasema anaomba akachote maji kidogo, anarudi sasa hivi.

Akamnyanyua Furaha, akamfunga mgongoni, akachukua ile sufuria. Mtoto alikuwa amelala. Nani anambeba mtoto aliyelala kwenda bombani, na mimi nimekaa hapa hapa? Niliona na sikuona. Nikabaki nasafisha chanuo.

Mwanamke hatoki uani na kichwa kilichosukwa nusu. Sijawahi kuona. Hata wakiitwa kwenye msiba hujifunga kwanza kitambaa. Kitambaa chake kilikuwa juu ya mkeka na ndicho hiki hapa. Nilipokiona ndipo nikakimbia bombani. Kwenye foleni wakasema hakufika.

Rajabu alipanda baiskeli kumtafuta jana hiyo hiyo jua likiwa bado juu. Leo saa sita mchana amerudi, na Kabwe nyuma yake, yule anayeuza samaki Gatumba na kutuletea siku za Alhamisi. Kabwe ndiye aliyesema, Rajabu aliegemea baiskeli tu.

Kabwe alimwona. Hakupita penye askari, alikata kwenye matete kuelekea kule mto ulipo mwembamba. Alimtambua kwa kichwa, upande mmoja mistari, mwingine nywele zimesimama. Akamwita kwa jina. Anasema hadi hapo alikuwa anatembea, alipoitwa jina ndipo akaanza kukimbia.

"Kule risasi zililia," Kabwe akasema. "Lakini zinaliaka kila siku, Mama Zena. Si lazima." Alisema hivyo kwa kunifariji, namshukuru.

Alipoondoka, Rajabu akaniambia neno moja kabla ya kuingia kulala. "Alinikimbia mi."

Ni kweli. Walisema Rajabu atamrudisha ng'ambo, na yeye kwa kumwogopa Rajabu amekwenda ng'ambo kwa miguu yake. Nyumba pekee ambayo ingefunga mlango na kusema hatoki mtu humu ndiyo aliyoitoroka. Kama kungekuwa na mtu aliyemsukuma ningemjua wa kumchukia. Hakuna aliyemgusa. Aliulizwa tu, na pengine hata yeye mwenyewe hakuulizwa, alilisikia swali pale bombani.

Sasa lililonifanya nichukue kalamu.

Alasiri hii, Rajabu yuko ndani, nikasikia hodi. Bwana wa shati jeupe. Shati leo lina vumbi mabegani. Mlango wetu hauna kitambaa, na nadhani amepewa mtaa bila majina ya wenye nyumba, kwa hiyo hakujua amesimama wapi. Hata mimi hakunikumbuka, siku ile nilikuwa msusi tu.

Nilimkaribisha. Nilimpa kigoda. Akauliza maji, nikamjibu. Akauliza konseye aanze na nini, nikamjibu. Akasogea, akashusha sauti. Nilimwacha alimalize lote, mpaka "benyewe barudishwe." Na kweli alipolimaliza akaanza kuinuka.

"Kaa," nikamwambia. "Leo utangoja jibu."

Akakaa.

Nilimwambia mukalimani ni mume wangu na amelala nyuma ya ukuta huu. Nilimwonyesha mlango wa chumba cha nyuma. Nilimwambia aliyekuwa akilala mle anaitwa nani, alitoka wapi, mtoto wake alianza kutembea kati ya pale na pale. Nilimwambia alivyotoka na nusu ya kichwa, na habari ya matete. Sikupaza sauti, sikutaka Rajabu asikie. Kisha nikamwambia, hilo ndilo jibu langu, liandike.

Alitoa penseli sikioni. Akaishika juu ya karatasi muda mrefu. Nikaona kwamba karatasi ile ni tupu, imechakaa kwa kubebwa.

"Mama, mi walinipa maneno tu," akasema. "Walisema nipite nayo. Mi sijui mambo ya mutu."

"Andika."

"Pole, mama," akasema. Na nilimwamini, macho yake yalikuwa na haya ya kweli. Akarudisha penseli mahali pake, akaweka kigoda ukutani kilipokuwa, akatoka kwa adabu.

Nikadhani atakwenda kwao. Nilikaa nikiamini hivyo muda wa kuvuta pumzi chache. Kisha ng'ambo ya ua wetu wa matete nikamsikia akipiga hodi kwa jirani.

"Mama, maji munapata?"

Nilisimama penye ua. Nilijua linafuata lipi na kisha lipi. Alipofika pa kushusha sauti niliegemea kabisa, nikasikia sauti ya jirani yangu, yule yule wa chai yetu, akiuliza kama ni kweli.

"Mi nauliza tu," akasema.

Sasa jua limezama na adhana imekwisha. Nitaandika yaliyobaki haraka.

Kesho nitamwamsha Rajabu avae kanzu yake, twende wote wawili mchana kweupe, tupange foleni na watu. Kushinda sikutegemei. Kuanzia kesho pia, kila atakayekaa katikati ya magoti yangu nitamwambia habari za Mama Furaha, jina lake na la mtoto wake, na sitaeleza penseli wala gari. Wakitaka kuniepuka waende kwa msusi mwingine.

Keshokutwa nitakwenda Gatumba na kitambaa chake. Nimekifua, kimekauka upesi kwa jua hili. Nitakaa pale wanawake wa ng'ambo wanapopita na biashara zao, niwaulize mmoja mmoja kama wamemwona. Nitamngoja kila mmoja amalize kunijibu.

Chumba cha nyuma sijakifunga.

Upande wa kulia ulikuwa umetoka vizuri, mistari imenyooka mpaka kisogoni. Sijui ni nani atammalizia wa kushoto.